Supu Isiyolalamikiwa

Jumatatu, 16 Desemba
Zamu ya asubuhi. Kuogesha wazee, kulisha, kutandika. Mirlande, mwenzangu wa zamu, upande wa pili wa kitanda kama kawaida. Bibi mmoja kamuuliza kama ni Msomali. Wiki iliyopita alikuwa Mliberia. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza, nilisikia lafudhi ya Kifaransa nikamwamkia kwa Kiswahili, nikidhani ni Mkongo. Ni Mhaiti. Anasema Wahaiti wote anaowajua Minnesota wanaenea kwenye gari lake, na bado mtu anaweza kunyoosha miguu.

Alhamisi, 19 Desemba
Anataka kuhamia Miami. Dada yake yuko huko. Kanisa la Kikrioli, lugha ya kwao, lipo, hata fundi gari anakutukana kwa Kikrioli. Ataamua mwaka mpya. Nimemwambia ni wazo zuri. Si zuri hata kidogo. Sina rafiki mwingine hapa. Nimeunguza wali kwa hasira.

Jumapili, 22 Desemba
Nimemuuliza Wahaiti hujibuje wakiulizwa habari. “M la.” Maana yake? Niko hapa. Yaani nipo! Wakenya wa kazini hunicheka kila nikijibu “nipo”, eti nani kaniuliza nilipo. Kumbe tuna wenzetu Haiti. Nimecheka peke yangu kwenye gari mpaka Golden Valley.

Jumanne, 31 Desemba
Kesho ni uhuru wa Haiti na lazima inywewe supu ya maboga. Enzi za utumwa waliipika watumwa, wakanywa mabwana; walipojikomboa wakainywa wenyewe. Mwaka jana Mirlande alipika sufuria nzima akainywa peke yake mpaka ikamchosha. Safari hii itapikwa kwangu. Nimezunguka mtaa wote wa Phillips kutafuta boga. Nimealika Watanzania wa kanisani na wale Wakenya. Nia yangu si safi. Nataka abaki.

Jumatano, 1 Januari
Nyumba ilijaa. Mkenya mmoja akauliza ugali uko wapi, akanyamazishwa. Sufuria ilikombwa. Mirlande alicheka sana, nami nikajua nimeshinda.
Tukiosha vyombo akaniambia anakwenda. Akasema, “Dada, wote wamesifu. Kwetu kila mtu angelalamika kwamba ya mama yake ni tamu zaidi.”
Pilau yangu ingesifiwa hivyo kila mwaka, ningehama pia. Imeniuma. Nimesugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Jumapili, 12 Januari
Mirlande kafika salama. Kwa dada yake wameshaanza kugombana juu ya chumvi. Ana furaha.
Theluji tangu alfajiri. Nimetandika vitanda peke yangu. Msimamizi, Mmarekani, kapita akaniuliza habari. Kabla sijafikiri nikajibu, “M la.”
Akasema Kiswahili kinapendeza masikioni. Sikumsahihisha.