Sikusema "Narusha"

Jumatatu, 10 Machi

Niwie radhi, daftari. Miezi minne sijakufungua. Mvivu hujitafutia udhuru, mimi sina. Nilipokuwa na raha sikukukumbuka. Leo nina shida, ndipo nimepekua droo nzima nikikutafuta.

Niandike kwa mpangilio.

Juzi Jumamosi tulikuwa kwenye ukuta wa mawe, ule unaoingia baharini nyuma ya ghala la saruji. Mimi na mdogo wangu, fundi cherehani. Ni kawaida yetu kila Jumamosi tangu nilipostaafu ualimu mkuu, mwaka wa kumi na moja sasa. Hatutumii chambo cha kuoza. Tunarusha kisamaki cha plastiki kwa fimbo, tunakivuta kwa mikato mikato, kolekole anadhani ni samaki mgonjwa na kukirukia.

Fimbo huenda nyuma kwanza kabla ya kwenda mbele. Kwenye kisamaki zinaning'inia ndoana mbili, kila moja ina ncha tatu. Kwa hiyo tuna sheria. Anayetaka kurusha husema "Narusha!", kisha husubiri mwenzake ajibu "Rusha!" Bila jibu, hakuna kurusha. Sheria hiyo niliiweka mimi. Mdogo wangu aliisahau mara moja, nikamnunia wiki nzima.

Jambo la pili. Kila ncha ya ndoana ina kijino kinachozuia samaki asichomoke. Yeye huvibana vya kwake kwa koleo. Miaka yote alinisihi: Dada, bana hivyo vijino, siku moja tutajinasa wenyewe. Nami nikimcheka. Fundi cherehani anaogopa sindano!

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yeye alikuwa na kolekole wawili. Mimi sina hata mmoja. Akanitania: Dada, leo wamekugomea, wanadhani utawasahihishia madaftari. Nilikasirika. Kwa utani wa samaki! Akaniaga kuwa anafuata chupa ya chai kwenye mkoba, nyuma yangu.

Ndipo maji yakachemka mbele yangu. Visamaki vinaruka, kolekole wanavifukuza, hatua ishirini tu kutoka nilipo.

Nikarusha.

Fimbo ikawa nzito nyuma. Nikadhani nimenasa mkoba. Nikavuta. Nikavuta kwa nguvu!

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, ngoja."

Jicho la kushoto.

Hospitali muuguzi aliuliza ilikuwaje. Mdogo wangu alikuwa bado hajafungua kinywa. Nikajibu mimi: "Nilisema 'Narusha'. Hakusikia."

Miaka thelathini na nane nimewaadhibu watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Jumanne, 11 Machi

Daktari anasema ncha yenyewe isingeharibu sana. Kijino ndicho kilichochana wakati wa kuvutwa. Hakuuliza ndoana ni ya nani.

Wifi alimfokea mumewe mbele ya wagonjwa wenzake. Umri umekwenda, masikio yamekwenda, bado unarukaruka juu ya mawe kama mbuzi! Wagonjwa wakacheka. Yeye pia alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa uso.

Kisha akaniomba msamaha. Yeye! "Nisamehe, Dada. Nimekuharibia asubuhi."

Nikamjibu, "Haidhuru."

Haidhuru!

Alhamisi, 13 Machi

Binti yao amefika kutoka kazini kwake. Mtoto mwenye mambo ya haraka. Hajavua viatu amekwisha kupanga maisha ya baba yake. Kibanda cha ushonaji kifungwe. Mtu hasikii na haoni, wateja atawapimaje? Amekwisha kumpata mtu wa kuchukua cherehani zote mbili.

Wifi aliunga mkono. Afadhali akae nyumbani, alisema, amenitia hofu ya kutosha.

Mdogo wangu alikuwa amelala chali, jicho limefungwa bandeji. Vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la shuka, vinaachia, vinakunja tena. Pindo limenyooka kama limepigwa pasi.

Wakanigeukia mimi, mkubwa wa ukoo. Shangazi unasemaje?

Nikasema tumsubiri daktari. Jibu la busara. Uoga ukivaa miwani huitwa busara.

Binti yao akanishukuru kwa utulivu wangu. Akasema kama si mimi kuwapo pale kwenye mawe, baba yake angekufa. Nilimwacha aseme hadi mwisho.

Jumamosi, 15 Machi

Sikwenda baharini. Nimebana vijino vyote kwa koleo. Ndoana thelathini na nne. Mkono unauma. Kazi bure.

Jumatatu, 17 Machi

Leo mambo mawili, yote kabla ya adhuhuri.

La kwanza. Binti yao alimpeleka baba kwa mtaalamu wa masikio, ili apate karatasi ya kumthibitishia kuwa lazima kibanda kifungwe. Karatasi imerudi. Masikio mazima, ya kijana! Mtaalamu alisimama nyuma yake akanong'ona, naye akarudia kila neno.

Tulikuwa wanne chumbani. Wifi aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye pochi. Kisha akanitazama.

"Wifi, hebu nieleze tena. Ulisema kwa sauti gani?"

"Mama, mwache shangazi," binti akasema.

"Simwachi! Huyu akiita wanafunzi getini, sisi sokoni tulikuwa tunaacha kupima nyanya. Leo mtu yuko hatua tatu nyuma yake asimsikie?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mdogo wangu akanitangulia.

"Upepo," alisema. "Upepo ulikuwa mkali, mama watoto. Unachukua sauti yote."

Asubuhi ile hapakuwa na upepo. Mshipi wangu ulikuwa umelala juu ya maji kama uzi juu ya meza. Yeye anajua. Tangu lini anajua? Tangu pale pale kwenye mawe, nadhani. Kwa ule msamaha alioniomba Jumanne alikuwa ananifungulia mlango, nami nikapita nikaufunga nyuma yangu.

La pili. Daktari amesema jicho lile halitaona tena. Likiachwa, laweza kuliambukiza maradhi hata lile la kulia lililo zima, akabaki kipofu kabisa. Huenda ikawa, huenda isiwe. Likitolewa, litolewe keshokutwa. Mgonjwa mwenyewe atie saini.

Mdogo wangu akasema atafanya atakavyosema dada yake.

Wifi akaruka. "Huyu?"

"Huyu huyu. Tangu nikiwa mdogo yeye ndiye hunisomea karatasi."

Akanipa ile fomu. Ninayo hapa mezani. Nimeisoma, haina kosa hata moja, na mahali pa maelezo ya ajali pameandikwa maneno yangu: mgonjwa hakusikia onyo.

Kuhusu jicho sina shaka. Litolewe, lisalimike la pili. Lakini nitamwambiaje, "Kubali utolewe jicho, niamini," nami nimekalia uongo uliomfanya mkewe amwite kiziwi na mwanawe auze cherehani zake? Na nikisema, Wifi hatanisamehe. Namjua. Mlango wa nyumba ile utafungwa, na nyumba ile ndiyo watu wangu wote niliobaki nao.

Nikinyamaza, yeye ataendelea kunisitiri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ataweza.

Hodi. Ni sauti ya Wifi. Nimechungulia dirishani: yuko peke yake, pochi ameikumbatia kwa mikono miwili.

Anapiga tena. Sitagusa kalamu mpaka niwe nimesema, au nimejua kwa hakika kwamba sitasema. Lolote nitakaloamua, nitaliandika hapa kama lilivyo.

Namwitikia, kisha naweka kalamu: "Karibu, Wifi. Mlango uko wazi."