Ti Imeshuka, Baba Atu

Baba Atu,

Hapa Igowole ukungu haujainuka leo siku ya nne, na mahindi yamegoma kukauka. Lakini sikuandikii habari za mahindi. Nakuandikia kwa sababu nimeielewa ile ngazi yako ya muziki, na sasa natamani ningebaki mjinga.

Cheka kwanza. Mimi, na darasa langu la saba! Miaka yote uliyofundisha kwaya ulikuwa unaniambia, "Mama Atu, wewe imba tu, usiulize." Binti yako hakuniambia hivyo. Tangu tukuzike yeye ndiye mwalimu wa kwaya, na Mufindi nzima hakuna anayefundisha kama yule. Nasema hivyo kanisani, nasema sokoni, wa kununa anune. Alinikalisha kwenye kinanda: "Mama, ni ngazi ya vipandio vinane, do mpaka do, ila nafasi zake hazilingani. Hesabu vitufe vyote, vyeupe na vyeusi."

Nikahesabu kwa kidole. Do kwenda re unaruka kitufe kimoja, re kwenda mi kimoja. Mi na fa huruki, wamegusana. Fa, so, la, ti, unaruka kila mara. Halafu ti na do ya juu, wamegusana tena. Akasema anzia popote, ukizishika nafasi hizo ngazi ni ile ile. Nikaanzia kwingine, nikafika penye ti nikabonyeza cheupe. Nikashtuka mwenyewe: "Hapana, hii imekaa chini!" Kumbe palitakiwa cheusi. Atu akapiga makofi. "Mama una sikio!" Ninalo. Sisi Wanyakyusa hatuzaliwi viziwi, nilikwambia tangu siku ya posa.

Sikio hilo ndilo linaloniua, mume wangu.

Jumanne mazoezini Atu aliongoza wimbo wanaoupeleka kwenye mashindano Mbeya. Alipanda vizuri, so, la, watu wametulia. Alipofika ti, haikuigusa do. Ilining'inia chini, kama mtu aliyeishiwa pumzi akiwa karibu na dari. Nikamtazama Mama Semeni wa sauti ya pili, anatabasamu tu. "Mama Atu, hata malaika wanachoka! Lipumzishe hilo sikio lako la Kinyakyusa." Wakacheka. Nikacheka nao.

Lakini ti ile niliwahi kuisikia. Kwako. Pasaka yako ya mwisho. Wakati ule nilisikia kitu kimepungua, sikujua ni nini. Nikasema vumbi la mbao kiwandani kwako. Nikasema baridi. Leo nikuungamie: niliona aibu. Mke wa mwalimu wa kwaya, niende kutangaza kwamba mume wangu anakohoa mwezi wa tatu? Nikakuchemshia tangawizi, nikakunyooshea joho, nikakusukuma mbele ya watu uimbe. Hospitali tulifika umebebwa.

Sasa Atu anajifulia leso zake mwenyewe, anaanika nyuma ya nyumba. Nawe ulianza hivyo. Sketi ya kwaya ameipunguza kiunoni mara mbili, eti mtindo. Nikiuliza: "Mama, usianze. Ni mafua."

Basi jana nimemwendea mwenyekiti wa kwaya, nimemwambia Atu haimbi Mbeya. Mimi, niliyekwisha kuwaambia watu wote hapa kwamba kikombe ni chetu! Atu amelia, akasema, "Umeniaibisha mbele ya kwaya yangu," na tangu hapo hajanisemesha. Uji wangu haugusi. Acha aninunie. Nimeshawahi kukaa na mtu aliyekuwa radhi nami mpaka mwisho, na yuko kaburini.

Kesho alfajiri tunapanda gari moja na wanakwaya mpaka Mafinga. Pale wao watashika njia ya Mbeya, sisi ya Iringa, hospitali. Nakuahidi, Baba Atu, daktari akiuliza sitataja vumbi wala baridi. Nitasema leso, nitasema sketi, nitasema na wewe ulikufa kwa nini. Hata Atu akinikanyaga mguu chini ya meza, nitasema.

Pumzika. Na ukimsikia huko uliko, sikiliza tu, mume wangu, usimpe sauti ya kuanzia. Ukimpa ataitikia. Hajawahi kukuacha usubiri.

Mkeo,
Mama Atu