Pakiti Tupu ya Mama

Duka la Ushonaji, chumba cha juu,
Nyuma ya Soko.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Bobini,

Habari za huko, na habari za kazi? Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na yule mwenzako wa chumbani amepunguza kukoroma. Mashine za kiwandani umeshazizoea au bado zinakutoa jasho? Na jino je? La jino nitalirudia, usidhani umesalimika.

Sisi huku hatujambo. Baba yu mzima, ni mgongo tu unaomsumbua, na pasi ya mkaa hataki kuiacha ingawa ya umeme ipo. Shangazi amehamia kwetu kwa muda, na tangu aje chumvi imeongezeka kwenye mboga na maneno yameongezeka mezani. Mama anaendelea vizuri sasa. Hilo neno "sasa" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Juzi kwenye simu nilitaka kukueleza, ukacheka, ukasema dada ana maneno kama redio, kisha mtandao ukakatika. Barua haikatiki. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Unajua kwamba mama alichomwa na sindano ya cherehani. Ulikuwa msimu wa sare za shule, kaptula zimejaa mpaka kwenye ngazi, na sindano ikapita kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ikavunjikia humo humo. Aliitoa kwa koleo dogo la jirani yetu fundi saa, akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akaendelea kushona. Si unamjua? Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba na kinawaka moto. Zahanati walimsafisha, wakampa antibiotiki, dozi ya wiki nzima, wakamwambia amalize hata akipata nafuu.

Nafuu ilikuja mapema, dozi haijafika hata nusu. Uvimbe ukashuka, mama akarudi kuvaa subana yake, ile kofia ya chuma ya kukinga kidole. Na hapo likafanyika kosa ambalo nadhani ni nyumba ya mafundi tu inayoweza kulifanya kwa moyo mweupe kiasi kile. Wewe umekulia chini ya cherehani ile, hata jina tulikupa kwa sababu ulikuwa ukibiringika miguuni pa mama kama bobini ya uzi iliyodondoka. Kwetu hakitupwi kitu. Kipande cha kitambaa kinakuwa mfuko, kipande cha mfuko kinakuwa kiraka, na kisichofaa kuwa kiraka kinajazwa kwenye mto. Mama akavitazama vidonge vilivyobaki kama anavyotazama mabaki ya kitambaa cha bei. Akavitia kwenye lile kopo la biskuti la vifungo, akasema akiba haiozi. Baba akamsifu.

Kopo likageuka duka la dawa. Fundi saa alipopata mafua akapewa vya kumeza siku hiyo. Shangazi akaviulizia kwa ajili ya goti lake. Kisha wewe ukapiga simu kwamba jino linakuua. Mama alikuwa anamalizia shati lako la bluu, akavitia vidonge vilivyosalia kwenye mfuko wa kifuani, akaushona mfuko juu visidondoke njiani, akampa dereva wa lori akuletee. Alishinda siku nzima anaimba. Nakuambia hili ili ujue kwamba vilitumwa kwa mapenzi, usije ukamtania.

Shati halijafika hata kwako, kidole kikarudi upya, na safari hii kwa hasira. Mama akaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuliwa na mkasi: nilimkuta anakata suruali ya mteja kwa mkono wa kushoto, kitambaa kimeenda kombo, na ule wa kulia ameuficha ndani ya kanga. Nilipomgusa alikuwa na homa. Baba alifunga duka mchana kweupe, na wewe unajua hilo lina maana gani kwa Baba.

Hospitalini tulimkuta daktari mmoja, dada mpole asiyepandisha sauti. Akauliza kama mama alimaliza dozi ya kwanza. Mama akajibu kwa fahari kwamba hakutupa hata kidonge kimoja, vilivyobaki amempelekea mwanawe. Daktari akaweka kalamu chini, akatutazama sote kwa zamu.

Alitueleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Vijidudu vya ugonjwa havilingani nguvu. Vilivyo dhaifu hufa mwanzoni, ndipo mgonjwa anaona amepona. Vilivyo vikaidi vinabaki, na ukivipa nafasi vinazaana, na hivyo vinavyozaliwa dawa ile huenda isivitishe tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama: ile ya kwanza haikumfaa tena, wakaanza kumchoma nyingine kwenye mshipa. Na ukimgawia mwingine mabaki yako, umempa dozi pungufu, tena ya ugonjwa usio wake. Kwa mafua ya fundi saa haikuwa na kazi yoyote.

Mama akasema, "Kumbe nimekata uzi kabla ya kufunga fundo." Daktari hakuelewa. Baba ndiye aliyemfafanulia kwamba nguo ya namna hiyo inapendeza ikiwa dukani, ikifika njiani inafumuka.

Sitakuficha, niliogopa sana. Usaha ulikuwa umekaribia mfupa, na daktari alisema wazi kwamba hii dawa ya pili ikishindwa, kidole kitakatwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini kile cha mama ndicho kilichotulisha na kutusomesha. Baba alikaa kwenye benchi la wodini akikunja na kukunjua leso. Mimi nilikwenda kulia chooni ili asinione.

Kidole kimebaki, Mungu ashukuriwe. Ila kiungo cha juu hakikunjiki, na daktari anasema huenda kisikunjike tena. Matundu ya vifungo sasa nashona mimi, na wateja wameona tofauti. Wenye adabu hawasemi. Mama anapima, anakata, na anatuongoza kwa mdomo, ambao haukupata jeraha lolote. Asubuhi anajizoeza kushika sindano kwa kidole cha kati, na akidhani hakuna anayemwona anatukana kidogo.

Aliporudi nyumbani alipewa vidonge vya kumalizia. Safari hii havikuingia kwenye kopo. Pakiti ilitundikwa kwenye ule msumari wa kutundikia futi ya kupimia, juu ya cherehani, kila mtu aione. Nafuu ilipokuja Shangazi akaanza, "Wifi, si umeshapona? Vingine weka akiba." Mama hakuinua hata macho. "Akiba hiyo ndiyo iliyonila kidole, wifi. Niletee maji nimeze." Fundi saa naye alikuja na kikohozi chake, akarudishwa na kikombe cha chai. Kopo tulilimwaga lote. Hutaamini dawa kuukuu tulizozikuta humo katikati ya vifungo. Tulizipeleka duka la dawa, wakazipokea wazitupe inavyotakiwa.

Sasa tuje kwenye jino. Juzi kwenye simu uliniambia umemeza viwili, likatulia, na vilivyobaki umemwekea mwenzako wa chumbani, eti ana kidonda mguuni. Mtoto wa fundi kweli wewe! Acha, mdogo wangu. Usimeze kingine, na huyo mwenzako usimpe. Mwambie aende zahanati. Jino lililotoboka haliponi kwa dawa ya kidole cha mama, na kutulia si kupona. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii, umweleze ulichomeza bila kuona haya. Akikuandikia dawa, meza kama alivyoagiza, kwa saa zake, mpaka mwisho wa dozi, hata kama jino litakuwa limesahau lilikuwa linauma. Zikikusumbua mwilini rudi kwake yeye, usijiamulie. Na shavu likivimba au homa ikipanda, usingoje zamu yako ya kiwandani iishe, kimbia hospitali.

Shati livae, na ulitunze. Natumaini hukuupasua mfuko kwa pupa zako. Ndilo la mwisho mama alilolishona akiwa na mkono wake mzima, na ukiyatazama matundu ya vifungo utaona mwenyewe.

Baba anakusalimu na anauliza kama huko wanapiga pasi nguo zao. Shangazi anakusalimu na anasema uoe. Fundi saa anakusalimu huku akikohoa. Msalimie mwenzako wa chumbani, na yule mama wa mkahawani anayekukopesha chakula, mwambie tunamwombea heri. Mungu akupe afya, akulinde na mashine, akurudishe kwetu na meno yako yote.

Nilitaka kufunga bahasha, mama akanizuia. Humu ndani utakuta pakiti tupu ya dawa, usidhani nimekosea. Jana alimeza kidonge cha mwisho, akaiinua pakiti kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua kama anavyokagua mshono wa mwanafunzi, akaona hakuna kilichosalia. Katika nyumba hii sijawahi kumwona akifurahia kitu kisicho na mabaki. Amesema nikutumie hiyo, na wewe ukimaliza ya jino lako umletee yako ikiwa tupu vilevile. Futi tumeihamishia ukuta wa pili. Ule msumari ameuacha wazi, anakungoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponicheka.