Chai Inachekechwa Mara Moja

Mogogosiek, Alhamisi, 1997

Programu ya zamani sirudishi, hata Rono, mkubwa wetu wa kompyuta hapa kiwandani, akasirike vipi.

Kwa ile ya zamani, gredi mpya ya chai ikija lazima niiongeze kwenye uzani, kwenye lebo, kwenye ripoti. Nikisahau mahali pamoja, gunia linatoka na jina la uongo. Sasa nimeandika klasi moja mama, yaani kiolezo cha gredi zote, nikaiita Chai, na kila gredi ni mtoto wake. Watoto wanazaliwa mahali pamoja tu. Kwingine kote, kwenye uzani, lebo na ripoti, hakuna anayeuliza huyu ni gredi gani.

Leo Rono akasema, "Chepkemoi, hizo ni mambo za chuo. Jumatatu nataka ile ya kawaida."

"Mzee, chai tunaichekecha mara moja, gredi zinajitenga. Anayeshona magunia hachekechi tena. Mbona programu ichekeche kwenye kila mlango?"

Naogopa kufutwa kazi. Lakini nilisema.

Rono akafika mlangoni, akageuka. "Kuna mnunuzi anataka gredi yake kesho."

"Kwa ile ya kawaida, wiki mbili."

"Na kwa hii yako?"

"Kabla ya chai ya saa nne."

"Basi ile ya kawaida utairudisha, lakini si Jumatatu hii, Jumatatu ile ingine."

Hata hiyo Jumatatu sirudishi.