Maneno Niliyoyapunguza

Kanoni, Karagwe
4 Machi 1957

Mdogo wangu Projest,

Hujambo huko Uganda? Sisi tunaendelea, ila si vizuri. Shemeji yako Kamugisha anakusalimu, leo ameshinda akipalilia migomba.

Mwanangu Kobusingye hajapata nafuu tangu tuliporudi kutoka hospitali yenu. Pale walipomkata kwenye taya hapajafunga, na uvimbe umerudi, sasa unalisukuma jicho. Jana aliniuliza, "Mama, mjomba alisema nyama mbaya imetoka yote. Hii imetoka wapi?" Nikamwambia mjomba atajua.

Basi niambie. Wewe unafanya kazi na madaktari, na ndiye uliyetutafsiria. Muulize Bwana Daktari tumlete lini wakate tena. Nitambeba mgongoni hadi kivukoni Murongo, sitasubiri lori.

Dada yako,
Placidia


30 Machi 1957

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Barua yako niliipata siku nyingi, nisamehe kwa kuchelewa.

Nimemuuliza daktari. Anasema safari itamchosha mtoto. Mpe uji mwepesi na maziwa. Natuma vidonge kwa mkono wa Rwezaura, yule mwenye lori la kahawa. Umpe kimoja akilia sana. Usimlete kwanza. Mwambie mjomba wake anamwombea.

Mdogo wako,
Projest


Kanoni
6 Mei 1957

Projest,

Salamu. Kobusingye alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi. Vidonge vilikuwa vimekwisha tangu Jumatatu.

Tumemzika migombani, nyuma ya nyumba. Mama mkwe ndiye aliyemwosha. Alipofika kwenye taya akasimama, akaniuliza, "Na kile walichokata kiko wapi? Mtoto hazikwi nusu." Kamugisha hajaweka mawe juu ya kaburi. Anangoja ulete kile kipande, hata kama kimekauka, tukifukie pamoja naye.

Najua hospitali haitupi vitu ovyo. Kiombe, ukilete mwenyewe.

Dada yako,
Placidia


27 Mei 1957

Dada Placidia,

Shikamoo, na pole. Barua hii nimeianza mara nne.

Kipande hakipo. Siku ileile kilitiwa kwenye chupa, ikazungushiwa barafu, ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Nilikibeba mimi hadi kwenye gari. Huko wapo watu wanaotafuta chanzo cha uvimbe huu, maana unaua watoto wengi. Wanakilisha maji ya dawa, nacho kinaendelea kukua. Wameandika kushukuru.

Hakikukatwa ili apone. Daktari aliniambia, "Mwambie mama tunaomba kipande cha uchunguzi. Mtoto wake hakitamsaidia, huenda kikawasaidia wengine." Mimi nikakugeukia, nikakwambia kwa lugha yetu, "Wanakata ubaya wote, atapona." Ulinishika mkono, dada. Daktari akauliza umesemaje, nikajibu umekubali. Akaona ulivyofurahi, akanitazama kidogo, lakini hakuuliza tena.

Niliogopa ungekataa, nao wangetuona watu wasio na shukrani. Tena nilidhani wakimpenda mtoto watamtafutia dawa. Hayo ndiyo niliyoyafikiri, sina mengine.

Niruhusu nije.

Mdogo wako,
Projest


Kanoni
19 Juni 1957

Projest,

Tu wazima. Nimemsomea Kamugisha barua yako. Akatoka nje akaweka mawe.

Usije.

Nijibu moja tu. Unasema kinakua. Kinachokua ni mwanangu, au ni ugonjwa?

Placidia


2 Julai 1957

Dada,

Shikamoo. Ni ugonjwa.

Mdogo wako,
Projest


11 Novemba 1957

Dada Placidia,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Julai. Rwezaura anasema zote anakukabidhi mkononi, kwa hiyo najua zinafika.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Kyerwa, anaitwa Kyarisiima, na mwanawe wa miaka mitano mwenye uvimbe kama ule. Daktari akasema yaleyale. Safari hii nilimfikishia yote, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo dawa hakuna?" Nikasema hakuna. Akamfunga mtoto mgongoni akaondoka, hata vidonge vya maumivu hakungoja. Nilimkimbilia navyo hadi langoni, hakutaka kunitazama. Nimesikia mtoto alikata roho njiani, kabla hawajavuka mto.

Nilidhani nikisema kweli nitapata nafuu. Sikuipata, wala yule mama hakuipata.

Daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba kutafsiri kunanichosha, akanihamishia kuosha vyombo vya maabara. Nafasi yangu amepewa Tumwine, mwenyeji wa huku. Ni mtu mpole, anajua kuongea na akina mama. Tangu aanze, hakuna hata mmoja aliyekataa.

Mdogo wako,
Projest