Baba, Nimeutaja Ugonjwa wa Mama

Glasgow, Uskochi
Jumamosi asubuhi

Kwa baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo baba. Naomba barua hii ikukute mguu umepoa na unakwenda msikitini bila kushikwa mkono. Mimi mwili haujambo, alhamdulillahi. Baridi imeanza kuuma, mikono inakauka hadi inapasuka, lakini kazi naiweza. Kinachonisumbua ni kimya chako. Leo siku ya tano napiga simu huipokei, na kaka Athumani ananiambia tu, "Mzee yupo, hataki kuzungumza." Ndiyo maana nimekaa niandike. Wewe umefanya kazi posta miaka yote ile. Barua huwezi kuiacha bila kuifungua.

Najua umeiona ile video ya mimi nikizungumza jukwaani. Nataka uyasikie kutoka kwangu.

Kila mwaka chuo chetu kina siku ya kuwapongeza watu wa utafiti wa saratani. Safari hii alianza profesa wangu, mama mmoja mfupi aitwaye Ailsa. Alieleza jinsi timu yetu ilivyopata njia ya kuutambua uvimbe wa titi ungali mdogo sana, kwa kutazama chembe chache tu. Akafuata mzee aliyesoma hapa zamani, ambaye dawa aliyoihangaikia tangu ujana wake sasa wagonjwa wanapewa. Alisema aliianza kazi ile kwa ajili ya dada yake. Akataja jina lake na ugonjwa wake, akafuta miwani, akaendelea. Hakuna aliyeshangaa. Halafu wakaniita mimi, kupokea tuzo ya wanafunzi.

Nilikuwa na karatasi yangu ya shukrani. Profesa akanishika mkono, akaninong'oneza, "Waambie kwa nini hutoki kwenye hadubini hata wenzako wakienda kula." Baba, wallahi sikupanga. Nilijisikia nikisema, "Mama yangu aliitwa Saada binti Omari, wa Tongoni. Alikufa kwa saratani ya titi, na nyumbani kwetu hatujawahi kusema hivyo."

Sijalisahau neno lako. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, watu bado wamejaa matangani, ukanivuta hadi uani ukaniambia, "Wakikuuliza, sema ilikuwa presha." Nikasema presha. Shuleni presha, chuoni Dar presha, hata kwenye fomu za huku, palipoulizwa magonjwa ya familia, mkono wangu uliandika presha. Na mimi ndiye mwanafunzi wa saratani!

Huku mbali mama ananijia kwa vitu vidogo. Nazikumbuka alasiri za Raskazone, anaingia baharini na gauni lake hadi maji yanamfika kifuani, anacheka, anatuita tumfuate. Mwaka wa mwisho alikaa ukutani ametushikia viatu, akasema maji ya baridi. Naukumbuka mkate wake wa sinia wa Ijumaa, na jinsi alivyoanza kuukoroga kwa mkono wa kushoto, nasi tukamcheka. Na udi, baba. Nyumba yetu ya Usagara ikifukizwa asubuhi na jioni, nami nikiona raha, kama vile kila siku kwetu kuna harusi. Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu alipoeleza kwamba kidonda cha titi hutoa harufu, ndipo nilipojua udi ule ulikuwa wa nini. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha.

Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Ila kwamba nilisema, hilo sijuti.

Jumatano

Niliishia hapo. Barua imelala mezani wiki mbili, sina moyo wa kuituma. Leo Mama mdogo Mwanaisha kanipigia kutoka Tongoni, na aliyoniambia yamenikalisha chini.

Kasema siku mbili baada ya mimi kuandika yale ya juu ulimwendea bila taarifa, na mguu huo huo. Hata chai hukutaka. Ukamuuliza, "Shemeji, una kitu unaficha?" Akasema hana. Ukamwambia, "Dada yako naye alisema hana." Ndipo akalia, akakuonyesha kwa kidole, juu ya kanga, mahali alipopapasa uvimbe tangu Ramadhani.

Kaniambia na jambo jingine ambalo sikulijua: kwamba lile neno presha lilikuwa la mama. Ni yeye aliyekuapisha kitandani, Mama mdogo akimpepea, kwamba mtu asijue hata akishazikwa. Baba, miaka yote nilidhani aibu ilikuwa yako. Nilikukasirikia moyoni kwa kosa la kutimiza ahadi. Nisamehe hilo kwanza, kabla ya hiyo video.

Anasema mlikwenda hospitali kwa bajaji, ukakaa kwenye benchi la kliniki ya akina mama, mwanamume peke yako, kofia magotini. Muuguzi akauliza kama kuna mwingine katika familia aliyeugua. Mama mdogo akainamisha kichwa. Ukajibu wewe, benchi zima likasikia: "Dada yake. Mke wangu, Saada. Saratani ya titi. Yule nilichelewa kumleta. Huyu sichelewi."

Majibu yametoka jana. Ni saratani, ila ni ndogo na haijatembea. "Daktari kasema nimewahi," Mama mdogo kaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mama kabisa. Atapasuliwa wiki ijayo. Profesa Ailsa alinikuta nalia mbele ya hadubini, nikamweleza. Akavuta kiti akakaa nami.

Siku ya upasuaji usisubiri peke yako, mchukue Athumani. Ule kitu asubuhi, maana nakujua. Msalimie yeye na mkewe, na jirani yetu Bi Fatuma anayekuletea uji. Mama mdogo mwambie hiyo kanga mpya iliyomo ndani ya bahasha kubwa ni yake, aivae akitoka hospitali.

Ni mimi mwanao, na mwana wa Saada,

Zuhura