Shimo la Ubatizo Nililochimba Fupi

Kendi mama,

Habari ya huko na watoto? Niko Kinna, jua inachoma na chai ni ya maziwa ya ngamia. Kanisa yetu ya Baptisti inajengwa upya na mawe. Nimepewa kazi ya kufukia lile shimo la ubatizo nilichimba kabla uzaliwe, kwa sababu sasa kuna tangi ya simiti. Zamani hakukuwa na paa, ilikuwa hilo shimo tu, na kila mtu alileta mtungi moja ya maji. Nilipima na urefu yangu, nikasahau marehemu mama yako alikuwa mrefu. Pasta akamzamisha, miguu ikabaki nje. Ilibidi akunje magoti, azamishwe tena.

Leo Mama Kanana, yule mzee aliyekuwako siku hiyo ya ubatizo, alinikuta nimesimama na koleo. Akacheka, "Baba Kendi, bado unapima?" Kisha akaleta mtungi, akamwaga maji ndani. "Hii ni ya mama Kendi."

Tulingoja mpaka mchanga ikameza yote. Halafu nikafukia polepole, nikaanza upande ya miguu.

Kula vizuri. Na yule mtoto wako mdogo wa miguu mirefu, mwambie guka, babu yake, anamkumbuka sana.

Baba yako